Somo la Jumatano

Jumatano, 1 Juni 1988

Sijamwambia mtu jambo hili, hata mama. Sikuomba kazi ya zahanati kwa sababu ya huruma kwa wagonjwa, kama nilivyomjibu Mganga Elpidius siku ya usaili. Niliiomba kwa sababu nilidhani ni kazi isiyohitaji kusema. Mgonjwa anasema, mganga anasikiliza, mhudumu anafuta sakafu na kuchemsha sindano. Nilijiona mle ndani, kimya, mwaka hadi mwaka, nimeridhika.

Leo nimeanza kazi, na leo hiyohiyo nimegundua kwamba kila Jumatano mhudumu husimama barazani na kuwafundisha akina mama.

Nusura nirudi nyumbani.

Ijumaa, 3 Juni

Tuko watatu tu. Mganga Elpidius ni mrefu, mkavu, na hutembea kama mtu aliyechelewa hata akiwa anakwenda chooni. Jovitha ni mhudumu wa siku nyingi, mama wa watoto wanne, na sauti yake inavuka bonde. Wa tatu ni mimi, Kokushubira binti Kashaija, niliyemaliza kidato cha nne mwaka jana na ambaye mwalimu wa zamu alikuwa akisahau kumwita jina kwa sababu hakuwahi kumsikia.

Jovitha ameshanibandika jina. Ananiita Bibi Harusi. Kwetu bibi harusi hukaa kajifunika na hasemi neno.

"Bibi Harusi, ukimaliza kuomboleza hapo, lete ndoo."

Jumanne, 7 Juni

Leo Mganga ametusomea waraka wa utumishi kutoka wilayani. Ameusoma mara mbili, mara ya pili polepole, akinitazama.

Kwa mujibu wa ikama ya watumishi, zahanati yetu inatakiwa kuwa na mkunga. Aliyekuwapo alistaafu, na hakuna aliyeletwa. Uchungu ukimzidi mwanamke, wanaume humbeba kwa machela kupitia migombani hadi barabara kuu, na hapo husubiri gari lolote litakalopita. Sasa waraka unasema wilaya haitaleta watu kutoka mbali, maana wakiletwa huondoka. Kila zahanati itoe kijana wake mwenyewe, asomeshwe uuguzi na ukunga kwa gharama ya serikali, kisha arudi kufanya kazi kwao. Awe amemaliza kidato cha nne. Asizidi miaka ishirini na mitano. Amalize miezi mitatu ya majaribio. Na mwisho, Afisa Utumishi aje amwone akitoa somo mbele ya watu, amesimama wima, sauti inasikika, macho kwa wasikilizaji. Akishindwa, nafasi inakwenda zahanati nyingine.

"Nimekuwa nikiiomba nafasi hii tangu wewe hujaingia sekondari," Mganga akaniambia. "Hapa mwenye kidato cha nne na umri unaotakiwa ni wewe peke yako. Usiniangushe."

Jovitha alikuwa anakunja mashuka. Hakunitania. Nilitamani anitanie.

Jumatano, 22 Juni

Leo nilikuwa napeleka vidonge kwenye benchi. Nilipofika kwa Bibi Dafroza nikapiga magoti na kumwamkia, kama ninavyomwamkia popote nikikutana naye. Nikapiga magoti kwa aliyemfuata, na kwa aliyemfuata huyo. Mganga akatoka chumbani.

"Kokushubira! Sare ya serikali haipigi magoti. Tazama vumbi hilo! Na foleni imefika mlangoni."

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 29 Juni

Somo langu la kwanza. Nilisimama. Sauti haikutoka. Jovitha akanimalizia, akawafundisha kuchemsha maji ya kunywa, huku akiwatania waume zao kwamba wanajua kuchemsha pombe yao ya rubisi tu. Akina mama walicheka mpaka wakafuta machozi.

Jumatano, 6 Julai

Nimefanya kama nilivyoagizwa, na imekuwa balaa. Bibi Dafroza alirudi kwa ajili ya kifua chake. Nikasimama mbele yake na trei, nikasema "Shikamoo, bibi," nikanyoosha mkono wenye vidonge.

Hakupokea. Akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Huyu ni mtoto wa Kashaija?" akamuuliza Jovitha, kana kwamba mimi sipo. "Mbona amenisimamia kama mgomba?"

"Ndiyo kazi, bibi," Jovitha akasema.

"Basi kazi imle yeye. Mimi dawa ya kutupiwa siili."

Akachukua fimbo yake na kuondoka, anakohoa. Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika nyumbani. Mama hakunigombeza. Aliendelea kugeuza kahawa kwenye jamvi, kisha akauliza taratibu, "Hivyo ndivyo nilivyokulea, Koku?"

Nikipiga magoti, Mganga anakasirika. Nikisimama, wazee wanakasirika, na mimi mwenyewe koo linaziba, kwa sababu tangu utoto nimefundishwa kwamba binti anayesema huku amewasimamia wakubwa amekosa adabu. Sijui niketi wapi baina ya hayo mawili.

Jumamosi, 9 Julai

Nimepeleka dawa kwa Bibi Dafroza nyumbani kwake. Nilipiga magoti kwenye nyasi. Amekunywa zote.

Jumanne, 19 Julai

Nimechoka lakini lazima niandike.

Asubuhi walikuja wanaume wanne na machela. Aliyebebwa ni Mukandekezi, jirani yetu, uchungu tangu jana. Mganga akampima, akasema hapa hapawezi, ashushwe barabarani. Akatutuma mimi na Jovitha tuandamane nao, maana yeye hakuweza kumwacha mtoto aliyekuwa na degedege.

Kahawa imeanikwa kila ua, kwa hiyo tulipita pembeni pembeni ili tusikanyage majamvi. Wanawake waliacha kugeuza kahawa, wakasimama, wakatutazama. Tulipofika karibu na barabara Mukandekezi akapiga kelele ambayo sikujua kwamba mtu anayo. Wanaume wakamtua chini ya migomba na kugeuka nyuma.

"Kaa kichwani kwake," Jovitha akaniambia. "Mshike."

Nilimshika. Na hapo nikaona jambo ambalo sikutarajia: mikono ya Jovitha ilikuwa inatetemeka. Jovitha yule wa sauti kubwa! Akaninong'oneza, "Mimi hii sijafundishwa, Koku. Nimeona tu." Hakusema Bibi Harusi.

Mtoto alitanguliza miguu. Sitaandika yote. Jovitha alikuwa anaomba kwa Kinyambo, anavuta, anaacha, anaogopa kuvuta. Kichwa kilikawia. Halafu kikatoka. Mtoto alikuwa wa bluu, kisha akawa mwekundu, kisha akalia, na wale wanaume wanne waliotugeuzia mgongo wakalia pia.

Amepona yeye, amepona mama yake. Lakini wakati tunarudi Jovitha alikaa ghafla kando ya njia, kwenye vumbi na sare yake, akasema, "Ilikuwa bahati. Siku nyingine haitakuwa bahati."

Nimekaa naye mpaka alipoweza kusimama. Tangu mchana huu nafasi ile naitaka. Siyo kwa ajili ya Mganga. Nataka kujua mikono inatakiwa ifanye nini.

Jumatano, 20 Julai

Somo langu. Nilisema sentensi tatu. Waliokuwa nyuma waliuliza kama nimeanza.

Jumamosi, 23 Julai

Kiangazi kikali. Mganga ametaja tarehe: Afisa Utumishi anakuja Jumatano ya mwisho ya Agosti. Anaitwa Bwana Rweyemamu, na inasemekana tayari ameshainyima nafasi zahanati moja upande wa Nkwenda kwa sababu kijana wao alisoma somo kutoka kwenye karatasi.

Jumapili, 24 Julai

Leo baada ya ibada nilimwuliza Jovitha kwa nini yeye hakupelekwa masomoni zamani.

"Zamani walipelekwa watoto wa wenye ofisi," akasema. "Sasa wametengeneza sheria nzuri ya haki, na haki hiyo imenikuta nina miaka thelathini na nne." Akacheka, lakini si kicheko chake.

Jumamosi, 6 Agosti

Kesho binti wa jirani anaolewa. Leo wanawake wa kijiji tulikusanyika kumenya ndizi. Mikungu ilikuwa imerundikwa kama kuni. Tuliketi chini kwa duara juu ya majani ya mgomba, kila mmoja na kisu chake, mikono myeusi kwa utomvu. Jovitha alikuwapo, na Nyirabageni pia, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda na ambaye yeye na mumewe huchuma kahawa za watu kwa kibarua.

Unapomenya ndizi humtazami mtu. Unatazama kisu. Maneno yanatoka tu, kila mtu anayaelekeza kwenye ndizi yake.

Nyirabageni alikuwa analalamika kuhusu Nsabimana, mtoto wake. Anakula, alisema, anakula ndizi mpaka tumbo linajaa, lakini miguu ni vijiti na nywele zimeanza kuwa nyekundu.

"Ndizi peke yake inamshibisha, haimjengi," nikasema. "Ukipika katogo, ndizi na maharage chungu kimoja, toa maharage, yamenye maganda, yaponde pamoja na ndizi mpaka yawe laini. Kesho weka karanga zilizotwangwa. Siku ukiwa na dagaa, watwange nao. Na usimwachishe ziwa, bado analihitaji."

"Dagaa kwa mtoto mdogo hivi?" mtu akauliza.

"Wakiwa unga, ndiyo. Na umpe kidogokidogo mara nyingi, tumbo lake ni dogo, halijazi kama letu."

"Na akikataa?"

"Hata ndizi aliikataa ulipompa mara ya kwanza. Ulikoma?"

Wakacheka. Nikaendelea. Nilikuwa na ndizi mbichi ngumu, nilikuwa naikabili, ndiyo maana sikugundua. Nilipoinua macho visu vya duara zima vilikuwa vimesimama, na wote wananitazama. Nikanyamaza hapohapo na uso ukawaka.

Jovitha alikuwa ng'ambo ya duara. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua ndizi nyingine.

Jumatano, 10 Agosti

Nilianza somo nimesimama, ulimi mkavu kama mchanga. Mvua ikashuka ghafla, mvua isiyo ya msimu. Akina mama wote waliruka na kukimbilia kahawa zao, wengine wakisahau kadi za watoto. Niliishukuru mvua, kisha nikaona aibu kuishukuru.

Mganga alibaki barazani peke yake na mimi. "Nitafanya nini na wewe?" akauliza. Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali.

Jumatano, 17 Agosti

Vibaya.

Jumapili, 28 Agosti

Jovitha alikuja nyumbani. Mama akamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna. Walipomaliza salamu, Jovitha akaniita nje kwenye majamvi, tukawa tunageuza kahawa pamoja.

"Nikwambie kitu, Koku, na usinune. Mimi nilitaka ushindwe."

Nikaacha kugeuza kahawa.

"Nilisema moyoni, huyu akishindwa, wataona hawana mtu, watalegeza umri, watanichukua mimi. Kwa hiyo siku ile ya kumenya ndizi nilijua dawa yako, nikainyamazia. Nimeinyamazia mpaka leo."

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu jana nilimwuliza Mganga. Hawalegezi. Ukishindwa, nafasi inakwenda tu. Halafu mwakani nitakuwa tena chini ya migomba, na mtoto wa mtu ametanguliza miguu." Alitupa kokoto iliyochanganyika na kahawa. "Mimi nataka mtu anayejua awe pale karibu yangu. Hata akiwa bubu."

"Na dawa yangu ni nini?"

"Niachie hiyo. Wewe andaa somo la chakula cha mtoto."

Nimekuwa nikimwogopa mwanamke huyu msimu mzima. Sasa simwogopi, ingawa ameniambia jambo baya kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Jumanne, 30 Agosti

Sikula.

Jumatano, 31 Agosti 1988

Niandike kwa mpangilio, nisije nikasahau hata kitu kimoja.

Mbingu ilikuwa na wingu upande wa Kiruruma tangu asubuhi. Akina mama walikuja wengi, lakini kila mmoja alichagua mahali anapoweza kuona mbingu, maana nyumbani kahawa iko nje.

Bwana Rweyemamu alishuka kwenye gari la wilaya na mkoba wake. Ni mzee mnene, mpole wa sauti, mwenye miwani. Nilipomwamkia magoti yalitaka kwenda chini, nikayazuia, nikabaki nusu, kama mtu aliyeumwa mgongo.

"Huyu ndiye?" akauliza.

"Ndiye," Mganga akasema.

Hapo Jovitha akatokea nyuma ya zahanati na mkungu wa ndizi begani. Nyirabageni alimfuata na majani ya mgomba na kikapu cha visu. Wakautua mkungu katikati ya baraza.

"Hii ni nini?" Mganga akasema. "Jovitha! Leo?"

"Ni vifaa vya kufundishia, Mganga. Somo ni chakula cha mtoto. Au tufundishe chakula bila chakula?"

"Waraka unasema asimame!"

"Atasimama. Waraka haujasema asimame saa ngapi."

Bwana Rweyemamu alitazama mkungu, akatazama Jovitha, akavuta kiti. "Waendelee," akasema. "Mimi naona kila kitu, hata ujeuri."

Nikaketi chini. Jovitha akanipa kisu. Akina mama wakasogea bila kuambiwa, wakatengeneza duara, kila mmoja akachukua ndizi, maana kwetu mwanamke hawezi kuona ndizi inamenywa akakaa mikono mitupu. Nilikata kichwa cha ndizi ya kwanza. Utomvu ukanishika vidole.

"Nyirabageni," nikaiambia ndizi yangu, "Nsabimana anaendeleaje?"

"Amenenepa mashavu, dada! Maharage anayadai mwenyewe."

"Waeleze wenzako ulivyofanya."

Akaeleza. Alipokosea nikamrekebisha. Mwingine akauliza, nikajibu. Mwingine akabisha kwamba karanga zinaleta minyoo, nikamwuliza minyoo inaingiaje, akafikiri, akajijibu mwenyewe, wakamcheka. Bwana Rweyemamu akaomba na yeye apewe kisu. Alimenya ndizi moja mpaka ikabaki kama kidole cha mtoto.

"Mzee, hiyo ni ya kumlisha kuku!" Jovitha akasema, na Bwana Rweyemamu mwenyewe akacheka hadi miwani ikateleza.

Upepo ukaja. Wingu lilikuwa limefika juu yetu. Mama mmoja akasimama, akatazama kwao. Nilijua ninachokwenda kuona: baraza tupu kama siku ile ya mvua.  Lakini yule mama akaketi tena, akaniambia, "Malizia habari ya kuhara, mwanangu. Kahawa ina watu wa kuianua."

Hakuna aliyeondoka.

Bwana Rweyemamu akaweka kisu chini. "Vizuri," akasema. "Sasa simama."

 Mganga alifumba macho.

Kwetu anayepiga magoti hainuki mwenyewe. Hungoja mkubwa aitikie na kumwachia. Ndicho nilichokosa Jumatano zote zile: nilikuwa nasimama mbele ya wakubwa bila mtu kuniachia. Sikulipanga hili, lilikuja tu. Nikaweka ndizi pembeni, nikapiga magoti pale kwenye majani, nikawageukia akina mama wote, na wazee waliokuwa kwenye benchi la dawa.

"Mama zangu, bibi zangu, shikamooni. Naomba mniruhusu nisimame niseme nanyi."

"Marahaba!" Itikio lilikuwa kubwa, sikuwahi kuitikiwa na watu wengi hivyo. "Simama, mwanetu! Simama!"

Nikasimama. Kisu bado kilikuwa mkononi. Nikawatazama, kila uso, na kila uso ulikuwa umeniruhusu. Nikasema kuhusu kuhara, maji ya chumvi na sukari, dalili za mtoto anayekauka, lini umlete haraka na usingoje. Niliisikia sauti yangu inagonga ukuta wa stoo na kurudi. Dereva wa wilaya, aliyekuwa amelala kwenye gari, aliamka na kushusha kioo.

Nilipomaliza, Bwana Rweyemamu hakunitazama mimi. Alimwita mama aliyekuwa mwisho kabisa na kumwuliza nilichofundisha. Akasema chote. Akamwita mwingine. Akasema chote na kuongeza lake.

"Mganga," Bwana Rweyemamu akasema, anafungua mkoba, "magoti haya mlikuwa mnayakataza?"

"Nilikuwa nayakataza," Mganga akasema.

"Acha."

Mvua ikapiga wakati gari linaondoka. Ndipo walipokimbia wote, wanapiga vigelegele njia nzima.

Alhamisi, 1 Septemba

Jovitha na Mganga wamegombana kuhusu nani ale zile ndizi zilizomenywa. Zimepikwa hapahapa zahanati. Wagonjwa wamekula.

Jumatano, 14 Septemba

Mvua za vuli zimeanza. Leo Mganga mwenyewe ameketi chini kwenye duara na kufundisha habari za malaria. Anamenya vibaya kuliko Bwana Rweyemamu.

Ijumaa, 23 Septemba 1988

Leo mchana Mganga alirudi kutoka wilayani kwa baiskeli, ameloa, akatuita wote barazani, pamoja na wagonjwa. Alijaribu kuwa mkali akashindwa.

"Nafasi ni yetu. Kokushubira anaingia chuoni Januari. Akimaliza anarudi hapa, hapa, siyo kwingine, mkunga wa zahanati hii. Na Jovitha, Bwana Rweyemamu amependekeza uitwe wilayani, ukawaonyeshe wahudumu wapya kufundisha kwa kuketi. Utalipwa posho."

"Mimi? Na mkungu wangu?"

"Na mkungu wako."

Jovitha akanibeba. Kweli, alininyanyua kutoka chini kama gunia na kuzunguka nami, akipiga kelele kwamba mkunga amepatikana, watoto waje hata kwa miguu. Bibi mmoja aliyekuja kuchomwa sindano alicheza hadi akasahau sindano. Mganga alijifuta uso na kusema ni mvua.

Na mimi? Nikasema, "Asanteni," kwa sauti yangu ya zamani, nikaomba ruhusa nikachote maji.

Sikwenda kuchota maji. Nilikwenda ndani kabisa ya migomba, mahali pasipo nyumba, nikaweka ndoo chini, nikavuta pumzi, nikapiga yowe. Nililipiga jina langu. "Kokushubiraaa! Mkungaaa!" Nililipiga mpaka ndege wakaruka, nikalipiga tena, na tena, nikaruka juu kama mtoto, matone ya mvua yakinimwagikia kutoka kwenye majani.

Jioni hii kijiji kizima kinajadili. Baba anasema ilikuwa nyani. Jirani anaapa ni mwanamke aliyeumwa na nyoka, na wanaume wamekwenda kumtafuta na marungu. Mama ananitazama. Mimi nimeinamia sahani yangu, binti mpole wa Kashaija.

Wewe unayesoma hapa sasa unajua ilikuwa nini. Tafadhali, waache watafute. Usiwaambie.